Injini kupoa kupita kiasi

Injini kupoa kupita kiasi ni hali ya injini ya gari kufanya kazi kwa halijoto iliyo chini ya kiwango ilichoundiwa, hata baada ya gari kutembea kwa muda wa kutosha. Ni kinyume cha hali inayojulikana zaidi, yaani gari kuchemsha. Kwa kuwa gari lenye injini baridi halisimami njiani wala halitoi mvuke, madereva wengi huiona hali hiyo kuwa heri badala ya hitilafu. Hata hivyo injini ya namna hiyo hula mafuta mengi na huchakaa kabla ya wakati wake. Tena, mara nyingine mshale wa geji uliolala chini huficha injini ambayo kwa kweli inaungua.

Utambuzi wa hitilafu hii hufuata maswali mawili kwa mpangilio. La kwanza: je, injini ni baridi kweli, au ni geji inayoonyesha uongo? La pili: kama ni baridi kweli, ni nini kinachoruhusu maji kupita kwenye rejeta kabla ya wakati wake? Jibu la swali la pili mara nyingi ni themostati iliyokwama wazi au iliyoondolewa.

## Halijoto ya kawaida ya injini

Katika injini mwako ndani, takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta hugeuzwa kuwa kazi ya kusukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi kwa ekzosi, na inayobaki huingia kwenye chuma cha injini na kuondolewa na maji yanayozunguka. Mfumo wa kupoza haukuundwa ili injini iwe baridi kadiri iwezekanavyo, bali ili ibaki katika kiwango kimoja. Kwa magari mengi ya kisasa maji ya injini huwa kati ya nyuzi 80 na 105 za Selsiasi.

Kifaa kinacholinda kiwango hicho ni themostati. Ni vali ndogo inayofungwa na springi na kufunguliwa na kidonge cha shaba kilichojazwa nta. Nta ikipata joto huyeyuka na kutanuka, ikasukuma pini, na vali ikafunguka. Aina hii ya themostati ilibuniwa na Sergius Vernet nchini Marekani katika miaka ya 1930, na kanuni yake haijabadilika sana hadi leo.

Injini ikiwa baridi themostati hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta, na maji huzunguka ndani ya injini peke yake kupitia njia ya mkato. Yakifika halijoto iliyopigwa chapa kwenye themostati, kwa kawaida 76, 82 au 88, vali huanza kufunguka. Hufunguka kabisa nyuzi 10 hadi 15 baadaye. Hivyo themostati haiwaki na kuzima kama swichi, bali hufungua na kufunga kidogokidogo kulingana na mzigo, mwendo na hali ya hewa.

## Mazingira ya Nyanda za Juu Kusini

Hitilafu hii huonekana wazi zaidi katika maeneo ya baridi na milima. Jiji la Mbeya liko kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni hadi Agosti halijoto ya alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10. Mafinga, Makambako na Njombe nazo hujulikana kwa baridi, na katika uwanda wa juu wa Kitulo huweza kuanguka jalidi.

Barabara ya kutoka Mbeya kwenda Chunya, yenye urefu wa takriban kilomita 72, ni kipimo kizuri cha mfumo wa kupoza. Kutoka mjini hupanda safu ya milima ya Mbeya hadi juu ya mita 2,000, penye upepo na ukungu. Kisha huteremka kwa muda mrefu kupitia Lwanjilo hadi nchi ya chini yenye joto na ukame zaidi, ambako wachimbaji wa dhahabu wa Lupa wamefanya kazi tangu miaka ya 1920. Gari moja katika safari moja hupata baridi, mlima mkali, mteremko mrefu na jua la mchana. Vivyo hivyo kwa magari yanayotumia mlima wa Kitonga mkoani Iringa katika barabara kuu ya kwenda Zambia.

Kwenye mpando injini hufanya kazi kwa nguvu na kutoa joto jingi. Kwenye mteremko dereva akishuka kwa gia huku ameachia ekseleta, injini huzunguka lakini haichomi mafuta au huchoma kidogo sana, ilhali upepo unaipiga rejeta. Hapo themostati nzima hujifunga na mshale wa geji hushuka kidogo tu. Iliyokwama wazi huacha maji yote yapite kwenye rejeta, na mshale huanguka karibu na alama ya baridi.

## Dalili

Dalili za kawaida ni hizi:

* Mshale wa geji hubaki chini ya mahali pake pa kawaida baada ya dakika 10 hadi 15 za mwendo.
* Mshale hupanda gari likisimama kwenye foleni, na kushuka tena likianza kukimbia.
* Hita ya ndani ya gari hutoa hewa ya uvuguvugu tu.
* Sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga ekseleta, hubaki juu kwa muda mrefu kama ya asubuhi.
* Gari hutumia mafuta mengi kuliko zamani kwa safari ileile.
* Plagi za injini ya petroli huwa nyeusi kwa masizi makavu. Injini ya dizeli hutoa moshi mweupe na kugonga kwa sauti kali kwa muda mrefu baada ya kuwashwa.
* Katika magari ambayo hayana geji, taa ya buluu au ya kijani yenye alama ya kipimajoto huchelewa kuzimika.
* Taa ya injini huwaka kwenye dashibodi.

Dalili moja peke yake haitoshi. Gari la dizeli lisilo na mzigo, likiachwa linanguruma bila kutembea asubuhi ya Julai mjini Mbeya, huweza kuchukua muda mrefu kupata moto bila kuwa na kasoro yoyote.

## Madhara

Matumizi ya mafuta. Kompyuta ya injini ikiambiwa kwamba maji ni baridi, huongeza petroli kama inavyofanya injini inapowashwa asubuhi. Kipimo cha hewa ya oksijeni kwenye ekzosi huenda kisitumiwe kabisa kurekebisha kiasi hicho. Dereva hulipia petroli ambayo haikuhitajika.

Oili kuharibika. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi, lakini kiasi fulani hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili pamoja na petroli ambayo haikuungua. Katika injini yenye moto wa kutosha vyote viwili huvukizwa na kuondolewa. Katika injini baridi hubaki, vikaipunguza oili uzito na kuifanya tope. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili ni alama mojawapo. Utando huohuo huweza pia kutokana na gasketi ya silinda hedi iliyoungua, hivyo haufai kuwa ushahidi wa peke yake.

Uchakavu wa silinda. Salfa iliyomo katika mafuta, hasa dizeli, hutoa gesi ambazo zikikutana na maji kwenye kuta baridi za silinda hufanya asidi. Asidi hiyo hula chuma cha silinda na ringi.

Ekzosi. Petroli ya ziada huishia kwenye masega, yaani sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi, na huweza kuyaziba au kuyaunguza.

Madhara haya huja polepole, na ndiyo sababu hupuuzwa. Kwa mwenye daladala au gari la mizigo hesabu yake huonekana kwenye mafuta ya kila siku kabla ya kuonekana kwenye injini.

## Visababishi

Visababishi vya injini kuwa baridi kweli ni themostati iliyokwama wazi kwa kutu, uchafu au springi iliyolegea; themostati iliyoondolewa; themostati isiyo ya aina ya gari hilo, yenye halijoto ya chini mno au ambayo haikai vizuri kwenye nyumba yake; na feni inayozunguka wakati wote.

Feni huzunguka bila kukoma kwa sababu mbalimbali. Feni ya klachi huweza kukwama ikazunguka na injini muda wote kwa mvumo mkubwa. Feni ya umeme huweza kuwa imeungwa moja kwa moja na swichi ya gari na fundi aliyeshindwa kupata hitilafu ya awali. Magari mengi pia huwasha feni kwa makusudi pale sensa ya joto inapokatika, ili kuilinda injini. Hata hivyo feni peke yake ni nadra kuipoza injini kupita kiasi, kwa sababu themostati nzima hufunga njia ya rejeta maji yanapopoa. Injini ikiwa baridi na feni inazunguka wakati wote, inafaa kukagua vyote viwili.

Visababishi vya geji kuonyesha uongo ni sensa mbovu, waya uliokatika au kuota kutu, geji yenyewe kuharibika, na kiwango cha maji kuwa chini kiasi kwamba sensa iko hewani.

## Utambuzi

### Kukagua maji

Hatua ya kwanza ni kukagua kiwango cha maji ya rejeta injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla ya kuwasha. Sababu yake ni ya usalama. Sensa ya joto hupima maji inayoyagusa. Maji yakivuja mpaka sensa ikabaki hewani, mshale huweza kuanguka upande wa baridi wakati silinda hedi inaungua. Dereva anayeona mshale umeshuka ghafla katikati ya mpando anapaswa kusimama na kuzima injini, si kuendelea kwa furaha. Injini nyingi zimenoki kwa namna hiyo.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya kanieneo hufyatuka na kuunguza uso na mikono.

### Kulinganisha geji na injini

Injini hupashwa moto kwa kuendesha gari dakika 15, kisha halijoto yake hupimwa kwa njia nyingine isiyotegemea geji. Gereji zenye kipimajoto cha miale hukielekeza kwenye nyumba ya themostati. Aluminiamu inayong'aa hutoa kipimo cha chini kuliko ukweli, kwa hiyo hupimwa mahali palipofifia au palipobandikwa utepe mweusi.

Njia nyingine ni mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Gari likiwa limelala usiku kucha, halijoto ya maji na ya hewa inayoingia kwenye injini zinapaswa kukaribiana, kwa kuwa vyote vimepoa hadi kiwango cha nje. Ikiwa asubuhi yenye nyuzi 10 hewa husomeka 11 na maji husomeka nyuzi 40 chini ya sifuri, waya wa sensa umekatika au plagi yake imechomoka.

Ikiwa kipimo cha pili kinaonyesha 85 huku mshale uko chini, injini ni nzima na kasoro iko kwenye geji, waya au sensa. Magari mengi ya zamani yana sensa mbili: moja ya waya mmoja kwa ajili ya geji, na nyingine ya waya mbili kwa ajili ya kompyuta. Huweza kuharibika moja bila nyingine. Ndiyo maana gari huweza kuonyesha mshale mzuri lakini likala mafuta kama la baridi, au kinyume chake.

### Kupima sensa

Ukinzani wa sensa ya maji hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Katika magari mengi ya Toyota sensa ya kompyuta husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Sensa hupimwa kwa mita ya umeme ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto. Inayosoma omu nyingi hata ikiwa ya moto huiambia kompyuta kuwa injini ni baridi.

### Kugusa mabomba ya rejeta

Jaribio hili halihitaji chombo chochote. Injini baridi huwashwa, na bomba la mpira la rejeta hushikwa kwa uangalifu kila baada ya dakika moja, mbali na feni na mikanda. Themostati ikiwa nzima bomba hubaki baridi kwa dakika kadhaa wakati injini yenyewe ni ya moto, kisha hupata moto ghafla. Bomba likianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, sambamba na injini, themostati iko wazi au haipo.

Ni lazima kujua themostati iko upande gani. Ikiwa iko mahali maji yanapotoka kwenye injini, bomba la juu ndilo linaloangaliwa. Katika injini nyingi, zikiwemo za Toyota zinazotumika sana Tanzania, themostati iko mahali maji yanapoingia, na hapo bomba la chini ndilo linalosema kweli.

### Misimbo ya hitilafu

Magari yenye mfumo wa kimataifa wa kujichunguza huhifadhi misimbo. P0128 humaanisha kuwa maji hayakufikia halijoto ya themostati katika muda uliotarajiwa. P0125 humaanisha kuwa hayakufika kiwango cha kuruhusu urekebishaji wa mafuta kwa kutumia sensa ya oksijeni. P0115 hadi P0118 huhusu sensa ya maji au waya zake. Msimbo hutaja kilichoonekana na kompyuta, si kipuri cha kununua. P0128 huweza kutokea pia kwa sababu ya maji kupungua.

### Kujaribu barabarani

Gari huendeshwa kwenye mpando, kisha kwenye mteremko mrefu, huku mtu wa pili akiandika vipimo. Halijoto ikiwa ya kawaida mpandoni na kuanguka nyuzi 20 au zaidi mteremkoni, themostati haifungi. Ikiwa chini kila mahali bila kubadilika, sensa au geji hushukiwa kwanza.

### Kujaribu themostati kwenye sufuria

Themostati iliyofunguliwa huinuliwa kwanza kwenye mwanga: ikiwa baridi haipaswi kuonyesha mwanya, isipokuwa tundu dogo la kupitishia hewa. Kisha huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, pamoja na kipimajoto, na maji hupashwa polepole huku yakikorogwa. Inapaswa kuanza kufunguka nyuzi 2 juu au chini ya namba iliyopigwa chapa, na kujifunga kabisa inapopoa.

Katika nyanda za juu jaribio hili lina mtego. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 katika usawa wa bahari tu. Kadiri mtu anavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua, na kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Mjini Dar es Salaam maji ya sufuria hufika 100. Mjini Iringa na Chunya huchemka kwenye takriban 95, Mbeya karibu 94, na Kitulo karibu 91. Baada ya hapo hayazidi kupata joto hata moto ukiongezwa.

Themostati ya 88 hufunguka kabisa ikikaribia nyuzi 100. Kwa hiyo katika sufuria ya wazi mjini Mbeya itafunguka nusu tu, na fundi asiyefahamu jambo hili ataitupa akidhani ni mbovu, au ataweka ya 76 ambayo gari halikuundiwa. Ndani ya gari mambo ni tofauti: kifuniko cha rejeta hushikilia kanieneo na maji huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kwa hitilafu ya injini baridi, kinachotafutwa kwenye sufuria ni halijoto ya kuanza kufunguka na uwezo wa kujifunga. Vyote viwili huonekana vizuri hata Mbeya, mradi kipimajoto kitumike badala ya kukisia kwamba maji yanayochemka ni nyuzi 100.

## Desturi ya kuondoa themostati

Katika gereji nyingi gari linalochemsha huondolewa themostati. Hoja inayotolewa ni kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi ya theluji, na kwamba nchi ya joto haikihitaji. Mshale hushuka na mteja huondoka ameridhika.

Hoja hiyo ina makosa matatu. Kwanza, themostati haipimi hali ya hewa ya nje bali maji ya injini, na injini huhitaji kiwango kilekile Dar es Salaam na Njombe. Pili, kisababishi halisi cha kuchemsha, kama vile rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, kifuniko kisichoshika kanieneo au gasketi iliyoungua, hubaki palepale. Tatu, katika injini nyingi themostati ina sahani ya pili inayofunga njia ya mkato pale njia ya rejeta inapofunguka. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari la namna hiyo huwa baridi mno kwenye tambarare na mteremko, kisha huchemsha kwenye mpando mrefu likiwa na mzigo. Fundi aliyeitoa ili gari lisichemshe amelifanya lichemshe mahali pabaya zaidi.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika jambo hili lina uzito wa pekee. Gari linaloonyesha mshale wa chini katika safari fupi ya majaribio huenda limeondolewa themostati ili kuficha gasketi mbovu. Jaribio la kugusa mabomba kabla ya kutoa fedha huchukua dakika 10.

Njia nyingine ya zamani ni kuziba sehemu ya rejeta kwa boksi gumu wakati wa baridi. Hupandisha mshale kweli, lakini haitengenezi themostati, na boksi likisahauliwa gari likishuka kwenye joto la Chunya huleta kuchemsha.

## Matengenezo

Themostati mpya huchaguliwa kwa namba ya kipuri au kwa halijoto na umbo lililotajwa na mtengenezaji wa gari. Huwekwa na gasketi mpya, kidonge cha nta kikielekea ndani ya injini, na kipini cha kupitishia hewa kikiwa juu. Baada ya hapo mfumo hujazwa polepole na kutolewa hewa, kwa sababu puto la hewa huharibu tena usomaji wa joto.

Maji ya mtoni au ya bomba yenye chumvi huleta kutu na magamba, ambayo ndiyo hukwamisha themostati. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulanti ya ethilini glikoli na maji safi yasiyo na chumvi huzuia kutu, na hauwezi kuganda hata katika baridi ya Kitulo. Glikoli ni sumu yenye ladha tamu. Iliyomwagwa haiachwi mahali ambapo watoto au wanyama wanaweza kuinywa.

Baada ya injini kurudishwa kwenye joto lake, oili iliyokuwa ikitumika wakati wa hitilafu hubadilishwa, kwa kuwa imebeba maji na mafuta.

## Injini za mitambo isiyotembea

Tatizo hili haliko kwa magari peke yake. Injini za dizeli zinazoendesha mashine za kusaga nafaka, pampu, jenereta na mitambo ya kusagia mawe ya dhahabu hupoa kupita kiasi zinapofanya kazi bila mzigo wa kutosha, au zinapopozwa kwa maji baridi yanayomiminwa bila kudhibitiwa. Dalili yake ni majimaji meusi yanayotoka kwenye ekzosi, ambayo ni dizeli isiyoungua na oili. Tiba yake ni kutumia injini inayolingana na mzigo, kutoiacha ikinguruma bure, na kupunguza mtiririko wa maji mpaka yanayotoka yawe ya moto.

## Tazama pia

* Injini mwako ndani
* Rejeta
* Kiwango cha kuchemka
* Wilaya ya Chunya